Mjadala: Vijana wenye usonji waandikishwe kituo cha polisi?

Kuna pendekezo linalozunguka: kila kituo Mombasa, kuanzia Makupa hadi Likoni, kiwe na daftari la vijana wenye usonji (autism, hali ya ubongo inayoathiri mawasiliano), ili askari kwenye msako wajue nani asishikwe ovyo. Wazazi wengi wameunga mkono, na nawaelewa. Mama ambaye mwanawe hutimua mbio akisikia king'ora halali usingizi.

Mimi napinga. Kijana wa Likoni akishikwa Kongowea, daftari lililoko ng'ambo ya feri litamfaa nini? Na wale ambao hawajawahi kupimwa? Tena siku kukiibwa mtaani, nahofia watakaofuatwa kwanza ni walioandikwa.

Hatari kubwa iko kwenye kuhojiwa. Baadhi ya wenye usonji hurudia maneno ya anayewauliza. Askari anasema, "Ulichukua simu?" Kijana anajibu, "Ulichukua simu." Askari mmoja ataona jeuri, mwingine ataandika kwamba amekiri.

Sheria tunayo, jamani. Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 kinampa aliyekamatwa haki ya kuwasiliana na wakili na watu wengine ambao msaada wao unahitajika: mama, mwalimu, shangazi anayemwelewa. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 25A, haikubali mtu kukiri mbele ya polisi pasipo mtu wa tatu aliyemchagua mwenyewe. Kifungu cha 50(7) cha Katiba kinairuhusu mahakama kumkubali msaidizi wa mawasiliano, lakini huyo anaingia kesi ikishafika kortini, wakati maneno yameshaandikwa. Tudai awepo tangu kituoni.

Ndugu mmoja amesema ukitaja usonji, mwanao ataishia hospitali ya wagonjwa wa akili. Woga huo una msingi, maana mahakama ikishuku akili ya mshtakiwa huweza kuisimamisha kesi na kumweka chini ya uangalizi. Ila kunyamaza hakumlindi. Mzazi aseme waziwazi: mwanangu ana usonji, hana wazimu, muulize polepole, swali moja moja, nami niwepo. Kisha aombe hayo yaingizwe kwenye kitabu cha matukio na apewe nambari yake.

Linalonitatiza ni usiku. Mzazi yuko kazini, simu haipatikani, kijana yuko seli. Nani awe mtu wa tatu? Wengine wanataja mzee wa mtaa. Mimi ningependa mwalimu wa watoto hawa, aliyefunzwa na anayelipwa na kaunti. Nyinyi mwasemaje?