Gitaa la umeme kwenye amplifaya ya gitaa kavu: mbona distosheni inakwaruza?

Swali
Habari zenu wakuu. Ninayo amplifaya moja tu, ya gitaa kavu, na sasa nimepata gitaa la umeme pamoja na pedali (vifaa vya kukanyaga vya kubadili sauti) za ovadraivu (ukwaruzaji mwepesi), distosheni (ukwaruzaji mzito) na dilei (mwangwi). Bila pedali sauti hutoka safi, tena tamu kuliko nilivyotarajia. Lakini nikikanyaga distosheni, hutoka mlio kama wa nyuki waliofungiwa ndani ya debe, hata nikishusha trebo (sauti nyembamba za juu) yote. Je, amplifaya ni mbovu?

Jibu la 1
Si mbovu, ndugu. Spika ya amplifaya ya gitaa la umeme huanza kufifisha sauti nyembamba za juu kwenye kilohezi 5 hivi, na kufifia huko ndiko kunakoipa distosheni ule unono tuliouzoea. Amplifaya yako, aghalabu, ina twita, spika ndogo ya sauti nyembamba, ambayo kazi yake ni kutoa hata msuguano wa kidole kwenye waya, kwa hiyo ukali wote unaozalishwa na pedali juu ya kiwango hicho unakufikia mzima mzima. Dawa yake ni pedali inayoiga kabati la spika ya gitaa la umeme, ambayo utaichomeka mwisho kabisa, baada ya dilei.

Jibu la 2
Naafiki, ila kabla ya kutoa fedha jaribu vilivyopo. Punguza toni kwenye gitaa lenyewe, shusha geini (kiasi cha ukwaruzaji) ya pedali, kisha hakikisha kwamba ukiikanyaga sauti haipandi kupita ilivyokuwa imezimwa. Amplifaya za valvu (taa za kioo za kukuzia sauti) hupendeza zikizidiwa. Hizi za gitaa kavu hupasua sauti tu, na kelele ya namna hiyo ikidumu kwa sauti ya juu inaweza kuiunguza twita. Dilei haina shida. Mimi nadhani amplifaya hizi huipendezesha zaidi.

Muulizaji
Nashukuruni. Nimeweka toni kwenye 3 na geini robo, na nyuki wengi wametoweka. Nikipiga nyuzi mbili, noti ya msingi na ya tano yake, inasikika vizuri. Nikipiga kodi (noti kadhaa kwa pamoja) ya nyuzi zote sita, bado inavurugika.

Jibu la 2
Hilo usiilaumu amplifaya. Distosheni huzichanganya noti na kuzalisha nyingine ambazo hukuzipiga, na kadiri nyuzi zinavyokuwa nyingi ndivyo mvurugo unavyozidi, hata kwenye amplifaya ya gitaa la umeme. Kodi pana zipige kwa ovadraivu ya geini ndogo.