Naomba ushauri: sisti zenye miba zinanichanganya, nianzie wapi kuzipanga?

Dada wa Arua
Habari za jioni wakuu. Nyumbani ni Arua, lakini sasa niko Kampala, mwaka wa pili wa shahada ya uzamili. Kwetu mawe ya bahari ya enzi za Kretasia hayapo, kwa hiyo nilipewa sampuli kutoka pwani ya kusini ya Tanzania. Kazi yangu ni sisti, yaani maganda, za dinoflajelati (viumbe vya majini vya chembe moja), vile visukuku vidogo ambavyo vingi havifiki hata sehemu ya kumi ya milimita.

Nilizigawa mafungu matatu: miba mirefu, miba mifupi, zisizo na miba. Msimamizi amenirudishia jedwali zima, kaandika maneno matatu tu kwa kalamu nyekundu: "Mlango uko wapi?" Siku ya nne leo nimeinamia hadubini na sioni mlango wowote, naona miba tu. Sura hii inatakiwa baada ya wiki mbili. Nisaidieni.

Mzee wa Slaidi (Dar es Salaam)
Pole sana binti yangu. Msimamizi wako yuko sahihi, ingawa angeweza kukueleza zaidi.

Anza kwa kujua unachotazama. Yule mwogeleaji mwenyewe, yaani dinoflajelati anayeogelea, hayumo kwenye slaidi yako. Unachokiona ni ganda la kulalia. Baada ya kujamiiana, chembe inajifungia ndani ya ganda gumu, inazama kwenye tope na kulala. Ganda hilo halimezwi hata na asidi ya haidrofloriki inayoyeyusha jiwe, ndiyo maana limekufikia. Hali ikiwa nzuri, chembe inaamka na kutoka. Haipasui popote: kipande maalumu cha ganda kinabanduka kama kifuniko cha chungu. Tundu linalobaki ndiyo akiopaili, mlango unaoulizwa.

Mlango una uzito kwa sababu kingo zake hufuata mipaka ya mabamba ya mwogeleaji, vile vipande vinavyounda gamba lake, hata pale ambapo mabamba yenyewe hayaonekani kabisa kwenye ganda. Kwa hiyo ukijua ni bamba lipi limetoka, umeshajua mengi kuhusu ukoo. Mwingine hutoa utosi wote, mwingine bamba moja la mgongoni juu ya mshipi (mfereji unaozunguka kiuno), mwingine bamba la katikati kati ya hayo mawili. Kundi la Gonyaulax kwa kawaida lina mabamba 6 juu ya mshipi, la Peridinium 7. Utaratibu wa kuyapa namba ulitoka kwa mtafiti Kofoid mwanzoni mwa karne ya 20, na bado ndio tunaoutumia.

Usichanganye mlango na ufa. Mlango una pembe, unakata kona. Ufa umechanika ovyo.

Nyota ya Mvita
Naongezea kidogo, na hapa natofautiana na Mzee: sisti nyingi utazikuta zimefunga au zimelala vibaya, mlango usiuone. Miba basi isitupwe. Uliza imeota wapi, urefu uache kwanza. *Spiniferites* miba yake inasimama kwenye kona ambapo mabamba yanakutana, na ncha zake zinagawanyika. *Oligosphaeridium* ina mwiba mmoja katikati ya bamba, na mshipi wake uko mtupu. *Operculodinium* imetawanya miba kila mahali bila kujali mabamba. Wewe zote tatu ungeziweka kapu moja.

Mzee wa Slaidi
Nakubali, Nyota. Umesema vizuri kuliko mimi.

Msomaji wa Gumegume
Dada, usijilaumu. Mtafiti Ehrenberg aliviona vitu hivi kwenye mawe ya gumegume miaka ya 1830, na kwa muda mrefu vyenye miba vililundikwa pamoja kwa jina la histrikosfia bila kujulikana ni nini. Mwaka 1961 William Evitt ndiye aliyeonyesha kwamba vingi vyake ni sisti za dinoflajelati, kwa kutazama milango na mpangilio wa miba. Vilivyobaki bila ukoo akavipa jina la akritaki mwaka 1963. Kwa hiyo chako kisicho na mlango wala dalili ya mabamba, kiweke huko, usikilazimishe.

Fundi wa Hoima
Mimi nashughulika na chavua na mwani wa maji baridi wa Bonde la Albertine, *Botryococcus* na *Pediastrum*, lakini hadubini ni ile ile. Masalio ya jiwe ulioyeyusha yamebaki kwenye kichupa? Weka tone la gliserini, funika, kisha sukuma kioo kifuniko polepole kwa ncha ya sindano. Sisti itabingirika na kukuonyesha mgongo. Halafu zungusha skrubu ndogo ya fokasi: juu unaona upande ulio karibu nawe, ukishuka unaona upande wa pili kwa kupitia ganda, na huo unakuwa umegeuka kushoto kulia. Chora kila upande peke yake.

Dada wa Arua
Wakuu, nimerudi. Umeme ulikatika mchana, nimeanza saa moja usiku, na nimeuona!

Ni ile ya miba mirefu. Nimeibingirisha kama Fundi alivyosema. Utosi haupo, ukingo umekatika kwa kona kona kuzunguka kichwa chote, na kiunoni hakuna mwiba hata mmoja. *Oligosphaeridium*, Nyota, kama ulivyoieleza.

Kisha nikakumbuka vipande vidogo vyenye miba minne minne. Nilikuwa naviandika "vilivyovunjika", ukurasa mzima wa daftari. Hivi si ndivyo vifuniko vyenyewe?

Mzee wa Slaidi
Ndivyo. Mabamba manne ya utosi, kila moja na mwiba wake. Viandike safu ya peke yake, usivijumlishe na idadi ya sisti, maana utahesabu mmoja mara mbili.

Dada wa Arua
Asante baba. Naanza upya na slaidi ya kwanza.