Mliowahi kugombea kiti, kwaya au kuku wa mnada kanisani, tupeane uzoefu

Mtoto wa Benchi la Tatu

Wakuu, Bwana asifiwe, na wenzetu wa upande wa pili, Tumsifu Yesu Kristo.

Juzi nilikuwa naangalia King of the Hill na kijana wangu, ile katuni ya vichekesho ya Kimarekani iliyoanza mwaka 1997. Baba wa familia anaitwa Hank Hill, muuza gesi wa mji wa kubuni wa Arlen, Texas, Mmethodisti wa miaka yote. Kuna sehemu moja ya mwaka 2006, anafika ibadani na mkewe Peggy na mtoto wao Bobby, wanakuta familia ngeni imeshakalia benchi lao. Anapeleka malalamiko kwa mchungaji, hapati haki aliyoitaka. Basi wanahama! Wanazunguka makanisa ya mji mpaka wanaangukia kwenye kanisa moja kubwa la kisasa, lina kila kitu.

Kijana akaniuliza, "Baba, mtu mzima anahama kanisa kwa ajili ya kiti?" Sikumjibu. Nilikuwa namkumbuka mama.

Mama alikuwa na benchi la tatu, upande wa kina mama, pembeni kabisa dirishani. Mwaka mmoja akahamia mke wa mwalimu mkuu mpya, Jumapili ya kwanza tu akakaa pale pale. Mama hakusema neno. Jumapili iliyofuata ibada ni saa moja, yeye saa kumi na mbili na nusu ameshafika na kutandika kanga. Wiki ya tatu mwenzake akamtangulia. Naye ametandika kanga, imeandikwa "Mtasema mchana usiku mtalala". Hatua chache tu kutoka madhabahuni! Vita ile ilikula Kwaresima yote. Ilivyoisha nitasema baadaye, kwanza leteni zenu.

Besi Mstaafu

Nyie mna viti, sisi tulikuwa na kwaya. Usharika wetu ulikuwa na Kwaya Kuu na Kwaya ya Vijana. Vijana wakanunuliwa kinanda na spika mbili, sisi wazee tumebaki na uma wa sauti na karatasi za sol-fa za kunakili kwa mkono. Kila kwaya inapewa wimbo mmoja kwa ibada, kwa hiyo mwalimu wetu akawa anachagua wenye beti saba.

Yakaja mashindano ya jimbo. Wimbo wa lazima ni ule ule kwa wote, utofauti ni namna ya kuupamba. Mwalimu akatufungia ndani na madirisha akayafunga, joto la mwezi wa pili, tunafanya mazoezi kama tunapanga mapinduzi. Mwisho wa wimbo alitutungia kitu kitamu sana: soprano wananyamaza, besi tunashuka peke yetu taratibu, halafu alto wanatuokota. Siku ya siku vijana wakatangulia kuimba. Walipofika mwisho, soprano wakanyamaza. Besi zao zikashuka.

Mwalimu alikunja karatasi zake nne, akaziweka mfukoni, akatoka nje. Baadaye ikajulikana tenor wetu mmoja alikuwa anamchumbia alto wa vijana.

Kapu la Sadaka

Tenor! Sijawahi kusikia kesi ya kwaya isiyokuwa na tenor ndani yake.

Besi Mstaafu

Walioana, mkuu. Na arusini tuliimba sisi.

Mweka Hazina Mstahimilivu

Mimi nimeshika daftari la mnada wa mavuno miaka tisa, nasimulia nilichokiona kwa macho. Kwa wasiojua: watu wanaleta mahindi, mayai, mikungu ya ndizi, ibada ikiisha mzee wa kanisa anavinadi nje. Ukishinda unaweza kukirudisha, kinanadiwa tena.

Tulikuwa na matajiri wawili, mmoja wa mabasi, mwingine wa vifaa vya ujenzi, wote wazee wa kanisa na hawasalimiani. Akaletwa jogoo mwekundu, bei ya sokoni wakati huo elfu kumi. Wa mabasi akamnunua laki moja, akamrudisha. Wa ujenzi akatoa laki na nusu, akamrudisha. Jua la saa saba, jogoo kafungwa miguu, watu wanapiga vigelegele. Mzunguko wa tano mnadishaji anamwinua juu, shingo ikalala upande. Kimya. Halafu mzee yule kwa sauti ile ile: "Haya jamani, sasa ni kitoweo, nani anaanza?"

Wa mabasi akasema laki tatu.

Nina risiti. Sehemu nzuri ya bati za kanisa letu zimetoka kwa kuku mmoja, tena marehemu.

Jirani wa Namanga

Hapa kwetu Kenya kuku hatumnadi, tunamgombania jikoni. Askofu alikuja, vikundi viwili vya akina mama kila kimoja kikadai ndicho kilipewa meza yake. Hakuna aliyekubali kushindwa. Askofu akalishwa mukimo, vile viazi vya kuponda na mahindi, na kuku wa kienyeji saa sita, saa nane akaketishwa tena kwa pilau na chapati. Alikula zote, mzee wa watu. Kwenye shukrani akataja mukimo pekee, na mpaka leo kikundi cha pilau hakimsamehe dereva wake, ati ndiye aliyemnong'onezea.

Mbeba Maboksi

Niko Texas kwa huyo Hank mwenyewe, nathibitisha. Ibada yetu ya Kiswahili ni saa nane mchana, Watanzania, Wakenya, Wakongo na Warundi pamoja, kwenye jengo la Wamarekani wenye kanisa lao la asubuhi. Siku moja vijana wetu walisogeza viti kupanga spika. Wiki iliyofuata bibi mmoja wa kizungu akabaki kutusubiri, anatabasamu, kashika kiti chenye mto wa kufuma. Akakigeuza atuonyeshe: chini kimebandikwa karatasi yenye jina lake. Akakirudisha mahali pake, akapima na ukuta kwa kiganja, akatuaga vizuri tu.

Wenzetu wana historia na hili. Zamani huku na Uingereza familia zilikodi au kununua mabenchi. Nimefika Old North Church ya Boston, ya mwaka 1723, mabenchi yake ni kama vijumba, yana milango na vibao vya majina. Wewe maskini unapanda roshani.

Nimehama Kimya

Mnacheka, sawa. Mimi nilihama kweli, kwa sababu ya uchaguzi wa katibu na maneno yaliyosemwa baada yake. Mwaka wa sita huu. Ninakosali sasa wananipenda, ila sare yangu ya kwaya ya kule bado iko kabatini, na kila Desemba naipiga pasi.

Besi Mstaafu

Pole sana, mpendwa. Sauti gani?

Nimehama Kimya

Alto.

Mtoto wa Benchi la Tatu

Nirudi kwa mama. Kanisa lilipopanuliwa vikaletwa viti vya plastiki, mabenchi yakapelekwa kwenye mnada. Benchi la tatu lilipowekwa mbele, wote wawili wakasimama. Mama alikuwa na hela ya mbuzi aliyeuzwa Ijumaa, akaenda nayo mpaka senti ya mwisho. Akashindwa. Benchi likabebwa kwenda kwa mke wa mwalimu mkuu, likawekwa barazani.

Miezi kama mitatu hivi mama hakupita njia ile. Halafu Jumamosi moja akapita, mwenzake akasogea.

Sasa anakwenda kila Jumamosi jioni, na anakaa pembeni upande ule ule. Nilimuuliza mnaongea nini saa zote zile. Akasema, "Tunamsema mke wa mchungaji."