KARANGA! Refa mwenzangu kaniacha peke yangu uwanjani, halafu akaja kunizomea

Filimbi_ya_Katuba

Nimeingia nyumbani sasa hivi. Viatu sijavua, soksi nyekundu kama tofali kwa vumbi, bukari inapoa mezani na siwezi kuigusa, mikono inatetemeka. Naandika kwanza, nitakula baadaye.

Simtaji. Mnamjua. Aliyewahi kupuliza filimbi mji huu, toka Katuba mpaka Kampemba, anamjua. Yule wa "niko njiani". Mtu anatoka Kolwezi, kilomita 300 na ushee, anafika Lubumbashi, anaoga, anakula, analala, na huyu bado yuko njiani kutoka Kenya. (Kenya komine yetu, si nchi. Kwa mwendo wake afadhali ingekuwa nchi.)

Mechi saa nane, vijana chini ya miaka 16. Saa nane kasoro robo nampigia. "Niko njiani, yaya (kaka), anza tu." Anza tu! Kama vile basketi ni mboga, mimi nikate vitunguu yeye anakuja na mafuta.

Kwa wasiojua: basketi inataka marefa 2, na wakubwa wanatumia 3. Mmoja anatangulia na kusimama mwisho wa uwanja, chini ya kikapu. Mwingine anabaki nyuma ya mpira. Ukiwa peke yako, wewe ndiye wote wawili. Uwanja mita 28, na watoto wa miaka 15 hawachoki, sijui mama zao wanawapa nini. Wanashambulia huku, nakimbia. Nikifika, mpira umeshaporwa, wanarudi, na mimi hao. Robo 4 za dakika 10, na saa inasimama kila ukipuliza, kwa hiyo dakika 10 zinazaa na kulea wajukuu. Naangalia mpira. Nahesabu sekunde 3 za yule aliyeganda chini ya kikapu kama kapanga hapo. Nahesabu sekunde 8 za kuvuka kati. Halafu nijue na nani anavuta jezi ya nani nyuma yangu! Kufika robo ya pili nilianza kuona marefa watatu uwanjani, wote mimi.

Sawa. Hayo nasamehe. Karanga sisamehi.

Robo ya tatu. Namba 8 wa wekundu anaruka, mweupe anaruka naye, mikono inakutana juu, PAA! Mimi ndiyo kwanza navuka mstari wa kati, naona mgongo wa namba 8 na jua, basi. Hilo kofi ni la mpira au la mkono? Nikapuliza kwa imani. Foti (kosa), mitupo 2 ya bure. Uwanja kimya. Mara sauti jukwaani:

"ARBITREEE! Mpira safi huo! Rudi nyumbani ukalale!"

Sauti naijua. Nageuka. Ni yeye. Safu ya pili, mguu juu ya mguu, karatasi ya karanga mkononi. Anasugua karanga kiganjani, anapuliza maganda, anatupa mdomoni moja moja kama sultani. Na koti liko wazi, ndani kavaa fulana ya kijivu ya urefa! Filimbi iko shingoni! Filimbi shingoni, ndugu zangu, na karanga mdomoni.

Angekuja na nguo za nyumbani ningesema labda kaumwa, labda kafiwa. Lakini alivaa. Alisimama mbele ya kioo, akavaa, akafunga kamba za viatu, akaning'iniza filimbi, akapita kwa muuza karanga. Nikamwita kwa mkono ashuke. Akaninyoshea kidole gumba. GUMBA.

Mwisho wa mechi akaja mezani kuuliza "ile yetu" iko wapi. Franka 20,000 tugawane. Hata hiyo naacha. Lakini ile ya kupuliza maganda, yakamrukia kwenye kola ya fulana, akayapangusa taratibu, ndipo akapiga kelele "mpira safi"... sijui nitalalaje leo.

Mama_wa_Namba_8

Pole sana yaya. Ila ilikuwa foti. Mkono wa mwanangu umevimba, nimeukanda na maji ya moto. Usiyumbishwe na mtu.

Jezi_Nyeupe

Ilikuwa mpira safi na Mungu anajua. Mwenye macho alikaa jukwaani, asiye na macho akapewa mechi.

Filimbi_ya_Katuba

Wewe si ndiye yeye?

Jezi_Nyeupe

Niko njiani 😂😂

Kitabu_cha_Sheria

Tuweke mambo sawa. Sheria za FIBA, shirikisho la basketi la dunia, zinasema refa akiumia asiweze kuendelea, aliyebaki anaendesha mechi peke yake mpaka mwisho, kama hakuna wa kumbadilisha. Kwa hiyo mechi ni halali. Sioni malalamiko yako wapi.

Filimbi_ya_Katuba

Hakuumia! Alikuwa anakula karanga!

Kitabu_cha_Sheria

Sheria haijataja karanga.

Kikapu_Kamalondo

Ungempiga foti ya tekniki, ile ya utovu wa nidhamu, umalize kazi.

Kitabu_cha_Sheria

Mtazamaji hapigwi tekniki. Ni ya wachezaji na watu wa benchi.

Kikapu_Kamalondo

Alikuwa na fulana na filimbi, alikuwa mtazamaji wa namna gani huyo?

Kalamu_ya_Mezani

Ngoja niseme maana leo nitapasuka. Yaya, unalia ulikuwa peke yako? Nani alikuwa mezani? MIMI. Karatasi ya pointi mimi, saa ya mechi mimi, sekunde 24 za kutupa mpira mimi, zote kwenye simu moja yenye chaji asilimia 9 na umeme hakuna toka asubuhi. Mtu wa sekunde 24 alikwenda kununua maji, mpaka sasa hivi yuko kwenye maji.

Na wewe! Namba 8 inaonyeshwa kwa mikono miwili, vidole vitano na vitatu, umesimama. Wewe ulinionyesha vitano, ukageuka, hivyo vitatu ukavitoa ukiwa unakimbia umenipa mgongo. Mimi niandike nini? Nimeandika namba 5. Mara tatu.

Mama_wa_Namba_8

Samahani, namba 5 ni mtoto wa dada yangu. Kocha alimwambia hawezi kuingia robo ya nne, foti zake tano zimetimia. Mtoto hajagusa uwanja leo! Alikuwa benchi amekumbatia chupa za maji!

Kalamu_ya_Mezani

Mara tatu ni zangu. Mbili sijui zilitoka wapi.

Jezi_Nyeupe

Nimecheka mpaka jirani amegonga ukuta. Mtoto kamaliza foti 5 akiwa amekaa 😭

Kocha_Asiyelala

Nyote mna raha. Mimi naomba mtu mmoja aniulize kuhusu mipira. Wavulana wa umri ule wanacheza na mpira wa namba 7, wasichana 6. Wangu wa 7 umeota nundu. Ukidunda unakwenda kulia kama mlevi. Kwa hiyo leo wavulana wamecheza na wa 6, na wasichana wamekaa saa nzima wananitazama kwa sababu mpira huo ndio wao. Kuna aliyenifungulia uzi? Hakuna.

Mwana_wa_Volkano

Nawasoma kutoka Goma. Nyinyi watu wa Lubumbashi mnapenda kulia. Mna vumbi? Sisi tuna mawe ya Nyiragongo, kijana akianguka anaacha goti hapo. Na bado tumemtoa Kuminga, yule wa NBA, ligi ya Marekani.

Kikapu_Kamalondo

Nilijua utafika huko. Biyombo alizaliwa wapi? Lubumbashi, 1992. Timu za NBA zilipochagua wachezaji wapya mwaka 2011, alichaguliwa wa 7. Mwaka 2016 akiwa na Toronto alidaka mipira 26 iliyokosa kikapu, mechi moja, mbele ya Cleveland. 26, bwana!

Mwana_wa_Volkano

Kuminga naye alichaguliwa wa 7, 2021. Saba kwa saba. Tofauti ni kwamba mwaka uliofuata alikuwa bingwa na Golden State. Wako ana kombe?

Kikapu_Kamalondo

Kombe la kukaa benchi na wewe unajisifu nalo.

Shangazi_wa_Nguba

Bukavu tunawaangalia tu. Mkubwa wenu wote ni Mutombo na hatoki kwenu nyote, ni wa Kinshasa. Mungu ampumzishe. Kile kidole chake cha "hapana" Marekani waliishia kukipigia tekniki. Kwa hiyo kaka mwenye uzi, kidole kimoja kina historia ndefu, wewe gumba tu limekutoa machozi?

Filimbi_ya_Katuba

Dada, Mutombo alizuia mpira kwanza ndipo akaonyesha kidole. Huyu kazuia nini? Njaa?

Shangazi_wa_Nguba

Hapo umenishinda.

Mwana_wa_Volkano

Karanga zenyewe za kukaanga au za kuchemsha? Huku Goma uwanjani tunakula mahindi.

Kalamu_ya_Mezani

Za kukaanga, za yule mama wa getini. Hatii chumvi siku hizi, sijui kwa nini.

Mama_wa_Namba_8

Chumvi anaweka, ila umwambie kabla hajakunja karatasi. Ukimwambia baadaye anakasirika.

Jezi_Nyeupe

Karatasi zenyewe ni za daftari za shule. Juzi nilinunua nikakuta hesabu za mtu, kapata 3 kwa 20.

Kikapu_Kamalondo

😂 Huyo ndiye atakuwa anaandika foti mezani.

Kalamu_ya_Mezani

Nimeona. Jumamosi ijayo tafuteni mtu.

Filimbi_ya_Katuba

Jamani. FULANA. FILIMBI SHINGONI. Tumefikaje kwenye chumvi?

Mama_wa_Namba_8

Kalamu, usiondoke baba. Hizo foti 5 za mtoto wa dada yangu nani atazifuta? Au kesho anaamka nazo?

Kitabu_cha_Sheria

Foti haihamii mechi nyingine.

Mama_wa_Namba_8

Asante. Ngoja nimpigie mama yake, amekasirika kunishinda mimi.

Kocha_Asiyelala

Yaya Filimbi, kesho saa tatu asubuhi una nafasi? Wasichana chini ya 14. Mwenzako ni yule yule, lakini ameniapia atawahi. Na kama una sindano ya pampu njoo nayo, ya kwangu imevunjikia ndani ya mpira.