Makaroni ya kuku kwa maziwa badala ya krimu, sosi haitakatika?

BintiTabata
Habari za jioni wapendwa. Jumamosi mama mkwe na mawifi wanakuja kula chakula cha usiku, nimeahidi makaroni ya kuku wa krimu. Krimu ya kupikia mtaani kwetu haipatikani, na supamaketi bei yake imenishinda. Ninayo makaroni nusu kilo, maziwa lita moja, siagi, unga wa ngano, kipande cha jibini na kidari cha kuku wa kisasa. Kuku huwa namlowesha ndimu, maana mama mkwe hapendi shombo kabisa. Je, maziwa yatakuwa mazito? Na ndimu haitayakata?

ShangaziWaTanga
Mwanangu, yatakuwa mazito vizuri tu. Krimu haikatiki upesi kwa sababu ina mafuta mengi. Maziwa hayana mafuta hayo, kwa hiyo unga ndio utakaoyalinda. Cha kuangalia ni hiyo ndimu: ukali wake ukikutana na maziwa ya moto, unabaki na maji huku na mabonge huku. Basi kuku akishakaa na ndimu, msuuze, mkaushe kwa kitambaa safi hadi asiachie maji, ndipo umtie chumvi, kitunguu saumu na pilipili manga. Kuku mwenye maji hakaangiki, anachemka.

Mkate vipande, mkaange kwa moto wa kutosha hadi apate rangi na ndani asibaki na wekundu, kisha mtoe. Kikaango usikioshe! Ule ukoko wa kahawia chini ndio utamu wenyewe. Tia siagi vijiko vinne vya chakula, ikiyeyuka unga vijiko vinne, koroga kwa moto mdogo dakika mbili hivi hadi harufu ya unga mbichi iishe. Maziwa robo tatu lita, ya uvuguvugu, mimina kidogo kidogo na mwiko usisimame. Mwanzoni utaona donge kama kaugali. Usiogope, endelea kumimina, litafunguka.

Makaroni yaepue dakika moja kabla ya muda ulioandikwa kwenye pakiti, na kabla hujayachuja chota kikombe cha maji yake. Yana wanga, ndiyo ya kulegezea sosi ikizidi uzito. Zima moto kwanza ndipo utie jibini ya kukwaruza, maana kwenye sosi inayochemka inafanya nyuzi na chembechembe. Anayetaka ndimu akamulie sahanini mwake.

MpishiLikoni
Sisi Mombasa nazi haikosekani. Kuku mchemshe kwa tui la pili, kasimile, yaani tui zito la kwanza, tia mwisho, moto mdogo, uchote kwa upawa na kumimina bila kuacha mpaka lianze kuchemka. Malizia na dania. Ila jibini na nazi usichanganye dadangu, chagua moja.

BintiTabata
Ahsanteni sana! Shangazi, naweza kupika saa kumi alasiri tukala saa mbili usiku?

ShangaziWaTanga
Kuku na sosi, ndiyo. Usiviache mezani muda wote huo, vikipoa weka kwenye friji. Kupasha, ongeza maziwa kidogo na moto uwe mdogo, kuku apate moto hadi ndani. Jibini iache hadi hapo. Makaroni yachemshe wageni wakishafika, yakikaa ndani ya sosi yanainywa yote.