Majibu ya jicho la Baba

Idrisa (Milwaukee): Assalamu alaikum, na shikamooni wakubwa wote. Majibu ya Baba yametoka asubuhi hii: kile kidonda cha kope la chini si saratani, bali ni ugonjwa wa fangasi unaoitwa blastomikosi.

Shangazi Mwanaidi (Tanga): Alhamdulillahi. Lakini mwanangu, picha uliyotuma ilinikosesha usingizi, maana niliona uvimbe mgumu kama chunjua, kingo zimeinuka, una gaga katikati, na vinyweleo vya kope vimenyonyoka. Fangasi hufanya hivyo kweli?

Idrisa: Hufanya, Shangazi, na hata chini ya hadubini ngozi iliyovamiwa hunenepa na kuzama kwa namna inayofanana mno na saratani. Daktari wa kwanza alikwisha panga kukata sehemu kubwa ya kope. Wa pili alitaka kwanza kinyama kidogo, mfano wa punje ya mchele, kipimwe kwa rangi maalumu za fangasi, ndipo zikaonekana chembe za mviringo zenye ukuta mnene, kila moja ikichipua mtoto aliyeshikamana nayo kwa kitako kipana.

Zuhura (Dar es Salaam): Kaka, namshukuru sana daktari huyo wa pili, kwa sababu kope likikatwa hivyo jicho huweza kushindwa kufumba, na mboni ikakauka. Je, Baba Mkubwa amepigwa picha ya kifua? Fangasi hawa huingia kwa pumzi, ndipo husambaa kwenye ngozi.

Idrisa: Amepigwa, na pafu la kulia lina doa. Mtakumbuka alivyokohoa baada ya kuondoa magogo yaliyooza kando ya mto. Huku kwenye Maziwa Makuu ya Marekani, na kwenye mabonde ya Mississippi na Ohio, ndiko fangasi hawa wanakoishi, katika udongo wenye unyevu na miti inayooza.

Shangazi Mwanaidi: Na wajukuu wanaolala naye?

Idrisa: Wasiogope, Shangazi, hauambukizi kwa kukaa pamoja. Atameza vidonge vya itrakonazoli kwa miezi sita au zaidi, huku ini likipimwa.

Zuhura: Avimeze pamoja na chakula, na ile krimu ya steroidi aliyokuwa akipaka aiache kabisa, kwani huwapa fangasi nguvu.

Idrisa: Nimeitupa. Kidonge cha kwanza amekimeza na ugali wa mchana, na sasa amelala. Nimemwinamia kumtazama, jicho limefumba lote.