Mita 60 zinapimwa kutoka wapi? Mjadala wa ufuko wa Kigoma

Mtoa mada, Kibirizi

Wana Kigoma, tangu maji ya Ziwa Tanganyika yapande miaka hii ya karibuni, kila kikao cha mtaa huku kwetu kinaishia kwenye neno moja: ukuta. Wanataka ukuta wa mawe kuanzia bandarini mpaka huku mwaloni, mitumbwi inakotia nanga. Mimi naanika dagaa Kibirizi mwaka wa 14 sasa, na ukuta naupinga.

Jirani yangu alijenga wa kwake, mawe na saruji, kuokoa uwanja. Uwanja umebaki. Lakini wimbi likipanda kwenye mchanga linachoka lenyewe. Likigonga ukuta linarudi na nguvu zake zote, linakomba mchanga wa chini na kwenda nao. Masika mawili tu, upande wangu ufuko umeshuka mpaka nguzo za vichanja vya kuanikia dagaa zinaning'inia hewani. Mizizi ya mwembe iko nje, watoto wanaikalia. Na ukuta wenyewe umeshapata ufa, kwa sababu unachimbwa miguuni.

Bandarini sina neno, meli inahitaji gati la zege. Mwaloni mtumbwi unavutwa juu ya mchanga. Utauvutaje juu ya ukuta?

Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Ukingo upi? Wa Mei, maji yakiwa yamejaa, au wa Oktoba yakiwa yamerudi? Watu wanauziana viwanja vya Oktoba.

Mzee wa Ujiji

Binti yangu, umeuliza swali ambalo wengi wanalikwepa. Ziwa hili halijawahi kukaa sehemu moja. Livingstone na Stanley walipokutana hapa Ujiji 1871, maji yalikuwa karibu na mji. Leo toka kwenye mnara wao utembee mpaka ufukweni, utaona ni safari. Mto Lukuga, upande wa Kongo, ndio unaoyatoa maji nje ya ziwa, na wakati ule ulikuwa umeziba kwa udongo na majani. Ulipozibuka mwishoni mwa miaka ya 1870, ziwa likashuka karibu mita 10. Likaja kupanda tena mwaka 1964, nikiwa mtoto, nayakumbuka yale maji. Sisi tulihama, tukaliachia ziwa njia. Wanaolia leo walijenga mahali ambapo ziwa lilishalala.

Fundi, Mwanga

Shikamoo mzee. Kwa heshima zote, kuliachia ziwa njia kulikuwa rahisi ardhi ilipokuwa ya bure. Mtu ana hati ya mauziano yenye mhuri wa serikali ya mtaa, ana watoto sita, unamwambia ahame aende wapi? Mlimani? Huko mlimani ndiko tulikokata miti yote. Mvua ikinyesha saa moja, mitaro inashusha maji mekundu kama chai ya rangi mpaka ziwani. Udongo unajaa bandarini, meli zinakosa kina, na mawe wanamozalia samaki wadogo yanafunikwa. Matete yaliyokuwa yanachuja uchafu huo tuliyang'oa wenyewe tupate pa kuegesha mitumbwi. Kwa hiyo ukuta mimi nautaka, angalau penye nyumba, huku tukipanda miti juu.

Mtoa mada, Kibirizi

Shikamoo mzee. Fundi, la mlimani umenishinda, nilikuwa naangalia maji tu. Matete yarudi, hilo nitalisema kikaoni, hata kama wenye mitumbwi watanuna. Na aliyepigiwa mhuri alipwe, kwa sababu mhuri si wake.

Ila ukuta penye nyumba bado nakataa. Utaokoa nyumba kumi na kuimaliza ya kumi na moja, kama ninavyomalizwa mimi. Kwanza zipigwe nguzo kwenye alama ya maji ya juu kabisa, kila mtu azione, ndipo tupime hizo 60.

Alama hiyo kwetu ipo, mstari wa tope kwenye ukuta wa ghala. Jana nimepima na kamba kutoka pale. Nyumba yangu imo ndani kwa hatua 22.